Robo Mwaka Yao na Eda Yetu

Kampuni ile ina mwaka wake, na mwaka wake una robo nne. Hilo sikulijua mpaka mkwe wangu alipofariki. Nilijua mwezi wa kufunga na miezi ya kufungua, nilijua vuli na masika, nilijua siku za mjane. Lakini kwamba ipo kampuni ambayo kila baada ya miezi mitatu hufunga vitabu vyake, ikajumlisha, ikatangaza gazetini imepata nini, na kwamba vitabu hivyo vikishafungwa mwanangu anaweza kutolewa ndani ya nyumba yake, hilo nimelijua uzeeni.

Majina sitayataja. Si kwamba nimeyasahau. Mimi jina la mtu likiingia halitoki. Waliokuja kwenye msiba ule nawajua wote, jina na jina la baba, na kila mmoja alikaa wapi. Lakini wengine bado wana kazi zao, na wengine wana haya zao, basi majina yakae huko nilikoyaweka.

Mkwe wangu alikuwa mchuuzi wa samaki. Akinunua ng'onda, wale samaki wa kukaushwa, na dagaa Saadani, akiwapeleka Ubena na vijiji vya kandokando ya barabara kuu. Kampuni ile inakopesha na inauza bima. Alikopa kwao akanunua majokofu mawili, ili auze na samaki wabichi hapa Dunda, na rehani akaweka hati ya nyumba. Katika kila rejesho alikatwa kitu kidogo cha bima: akifa kabla hajamaliza, bima imalize, nyumba ibaki kwa mkewe. Alinieleza mwenyewe, anacheka. "Mama, deni hili nikifa linakufa." Nikamkemea. Mtu hasemi hivyo mbele ya mkwewe.

Akafa. Aliamka kuswali alfajiri, akasema kichwa kinamgonga, na adhuhuri ikaadhiniwa hatunaye. Presha, walisema.

Binti yangu akakaa eda. Miezi minne na siku kumi, kwenye nyumba ya mumewe, humo humo. Nami nikafunga mlango wangu nikahamia kwake, kwa sababu mjane wa eda anataka mtu wa kumlindia mlango, na mlinzi nikawa mimi. Nikaweka sheria: mambo ya dunia yaishie kizingitini. Anayetaka kununua majokofu, asubiri. Anayetaka kujua nani atarithi biashara, asubiri. Mwanangu alikuwa na kazi moja tu, kumwombea mumewe, na mimi nilikuwa na kazi moja tu, kuwafukuza watu.

Sasa nieleze daftari, maana bila daftari hili jambo halieleweki. Kwetu, kwenye matanga, ubani, ile fedha ya kuwafariji wafiwa, unaandikwa. Wanaume wana daftari lao nje jamvini, na sisi wanawake tuna letu ndani. Mpwa wa marehemu ndiye aliyeshika kalamu, na mimi nilikaa ubavuni kwake nikimtajia: huyu ni fulani binti fulani, wa Kaole, mama yake alikuwa akisuka ukili. Watu wa mbali hudhani tunaandika ili tujue nani katoa kingi. Sivyo. Tunaandika ili siku mlango wa yule ukiingiliwa na msiba, tujue kwamba tunapaswa kwenda. Ukishaandikwa kwenye daftari letu, umekuwa mtu wetu.

Mwezi wa pili wa eda, kijana wa bodaboda akaleta bahasha. Nikaifungua mwenyewe. Nilisoma darasa la pili, kisha kisomo cha watu wazima, kwa hiyo kusoma nasoma, ila kwa kidole. Nikasoma kwa kidole: "Tunatoa pole kwa familia kwa msiba mzito uliowafika." Kidole kikachoka hapo. Nikasema, wallahi, hawa ni watu waungwana, wengine wakikukopesha hata salamu hakuna. Nikaikunja barua, nikaitia ndani ya daftari pamoja na karatasi nyingine za rambirambi. Mwanangu sikumwambia.

Kosa lilikuwa hilo, na lilikuwa langu peke yangu.

Mwezi wa nne ulipofika siku kama kumi, mtu akapiga hodi, nikatoka. Alikuwa dalali, na karatasi mkononi na gundi kwenye kopo.

"Karibu," nikamwambia, "lakini simama hapo hapo. Ndani mna mjane."

"Mimi siingii, bibi. Mimi naishia mlangoni." Akaanza kupaka gundi.

"Unabandika nini kwenye mlango wa watu?"

"Tangazo la siku kumi na nne. Deni lisipolipwa, nyumba inauzwa."

"Mwenye deni amekufa."

"Poleni sana. Lakini mimi mwenye deni simjui, bibi. Najua nyumba."

Alipoondoka nikahesabu kwa vidole. Siku zake kumi na nne zikiisha, eda ya mwanangu itakuwa imebakiza wiki mbili. Angetolewa nje na watu wa mnada akiwa bado mjane wa eda. Tangu nizaliwe katika mji huu sijapata kuona jambo kama hilo, na niliapa sitaliona kwa mwanangu.

Nikamwita shemeji yangu. Huyu ni mume wa marehemu dada yangu, karani mstaafu wa forodha, mtu wa gazeti kila siku. Mimi na yeye utani wetu ni wa miaka hamsini na hatujapata kuoneana huruma. Akasoma tangazo mlangoni, akauliza, "Hawakuwaandikieni kabla?"

"Hawakuandika. Zilikuja barua za rambirambi tu."

"Zilete."

Nikampa daftari. Akapekua, akaitoa ile bahasha, akasoma mstari wa kwanza, akaniangalia juu ya miwani. "Shemeji, lile darasa la pili ulilisoma lote au nusu?"

"Nililisoma lote, na wewe ulikuwa nyuma yangu unanakili."

Akacheka. Kisha akasoma mstari wa pili, na wa tatu, na kicheko kikamtoka usoni. "Hii haikuwa ya rambirambi," akasema. "Pole ni mlangoni tu. Ndani wanasema mjane afike ofisini, na cheti cha kifo, aweke sahihi kwenye fomu ya madai, ndani ya siku tisini tangu mauti. Asipofika, bima haitalipa."

Tukahesabu tena. Siku tisini zilikuwa zimepita kwa siku kumi.

Hakunilaumu, na hilo ndilo lililoniuma. Mtu aliyenitania miaka hamsini akikosa la kunitania, ujue jambo ni zito. Akafungua gazeti lake, kama mtu anayetafuta pa kuweka macho, kisha akasema, "Ajabu. Wenyewe hawa hapa leo."

Ukurasa mzima ulikuwa wao. Tarakimu juu mpaka chini, na juu kabisa maneno: taarifa ya fedha ya robo ya tatu ya mwaka. Nikamwambia anisomee kila mstari. Akasema zinachosha. Nikamwambia mimi sichoki, soma. Akasoma: mapato yameongezeka. Faida imeongezeka. Mikopo chechefu imepungua.

"Chechefu ndiyo nini?"

"Mikopo isiyolipika. Kama huu wa mkweo."

Mkwe wangu alikuwa akipeleka rejesho siku tatu kabla ya tarehe. Leo yuko kaburini, anaitwa chechefu. "Endelea," nikamwambia.

"Madai ya bima yaliyolipwa yamepungua."

"Yamepungua kwa nini? Watu wameacha kufa?"

Shemeji akakunja gazeti. "Hilo," akasema, "kawaulize wao."

Nikaenda asubuhi yake. Ofisi yao iko mjini, ina vioo na kibaridi cha mashine, na ukutani wametundika ukurasa ule ule wa gazeti ndani ya fremu, kama watu wanavyotundika picha ya harusi. Nikasimama mbele yake mpaka msichana wa mapokezi akaniuliza, "Bibi, nikusaidie?" Nikasema nataka mkubwa.

Meneja alikuwa mtu wa adabu, hilo nisimdhulumu. Alinipa shikamoo akiwa amesimama, akanivutia kiti. Akafungua kompyuta, akatazama, akatikisa kichwa.

"Bibi, dai halikufika. Siku tisini zilipita, na vitabu vya robo vimefungwa. Bima haimo. Deni limebaki kama mkopo wa kawaida ambao haulipwi."

"Ule ukurasa pale ukutani, mwanangu, mmeuandika ninyi?"

"Umeandikwa makao makuu, Dar es Salaam. Ni matokeo yetu ya robo. Tunashukuru Mungu, ni mazuri."

"Mmesema madai yamepungua. Mkwe wangu amekufa robo hiyo hiyo. Nionyeshe kwa kidole yuko mstari gani."

Akatabasamu, kisha akaona mimi sitabasamu. Akainuka kweli, tukaenda wote ukutani. Watu waliokuwa kwenye foleni wakageuka. Akatazama mistari, akasema polepole, "Hayumo, bibi. Asiyedai hahesabiwi."

"Kwa hiyo kwenu hajafa."

"Kwetu... hajafa kwa vitabu."

"Lakini alilipa bima."

"Alilipa."

"Na ile aliyolipa imo kwenye ukurasa huu?"

"Imo. Kwenye mapato."

Mzee mmoja kwenye foleni akasema, "Haya sasa!" Meneja akanirudisha kitini. Akapunguza sauti. Akasema anaweza kujaribu jambo moja: binti aje mwenyewe kesho, aweke sahihi, aandike barua ya kuomba radhi kwa kuchelewa, naye ataipeleka makao makuu. Haahidi. Nikamwambia binti yuko eda. Akasema analijua hilo, na anaheshimu, lakini fomu inataka mjane mbele ya ofisa.

Nikarudi nyumbani. Mwanangu alikuwa amesikia kila kitu tangu siku ya dalali, maana nyumba zetu kuta zake hazifiki juu. Akaniambia, "Mama, nitatoka. Sheikh kasema dharura inaruhusu, mchana, kwenda na kurudi. Nilituma mtu kumuuliza."

"Najua inaruhusu."

"Basi nitoke."

"Dharura hii si yako. Ni yangu. Barua niliiweka mimi."

"Mama, nyumba itauzwa kwa ajili ya ukaidi wako?"

Hapo alinigusa, na alikuwa na haki. Nikamwambia: kwanza, ukienda kuomba radhi kwa kuchelewa, umekubali kwamba hawakujua. Na walijua, maana walituandikia pole, ila sijapata nani aliwaambia na lini. Nipe mpaka kesho. Nikishindwa, nitakufunika baibui mwenyewe nikupeleke kwa mkono.

Alasiri nikakaa ukumbini peke yangu, nikawaita waliokuja siku ya hitima. Mimi huwakumbuka watu kwa namna walivyokaa. Nikaanzia mlangoni: mke wa imamu, bintiye, na yule bibi mwenye mguu. Nikapita ukutani, mmoja mmoja, jina na jina la baba. Nikafika dirishani. Hapo alikaa mwanamke kijana ambaye si wa hapa, mtu wa bara, ameingia kichwa wazi amevaa sketi ya kazini, amesimama hajui aketi wapi. Nikamtoa haya kwa kumpa kanga yangu ya juu. Akajifunika, akakaa, akala pilau kwa mkono vizuri tu, akaniambia jina lake na la baba yake na kijiji chao. Nikamuuliza, umemjuaje marehemu? Akasema, "Mimi ndiye nilikuwa nampokea marejesho."

Nikapiga kelele mpaka mwanangu akatoka chumbani. "Daftari! Soma upande wa hitima!"

Akasoma, mimi namfuata kichwani, na pale nilipomtazamia akamkuta. Jina lake, na baada ya jina, kwa mwandiko wa mpwa wa marehemu: kwa niaba ya ofisi. Na jina la ofisi. Alikuwa ametoa bahasha mbili, yake na ya wenzake.

Siku ya tatu ya mauti. Walijua siku ya tatu.

Kesho yake nikaenda na shemeji, yeye kabeba daftari kwapani, kavaa kanzu ya Ijumaa japo ilikuwa Jumatano. Njiani akaniambia, "Ukifika usianze na watu wameacha kufa. Anza na salamu."

"Na wewe ukifika usiseme chochote. Umekuja kubeba."

Meneja akatuona, akatukaribisha. Nikamuuliza, "Yule ofisa wenu," nikamtaja kwa jina na la baba, "yuko wapi siku hizi?"

"Amehamishiwa tawi la upande wa Chalinze. Unamfahamu, bibi?"

"Alikula nyumbani kwetu. Shemeji, mfungulie."

Shemeji akafungua daftari juu ya meza, akaweka kidole. Meneja akasoma. Akasoma tena. Akageuza ukurasa nyuma kuona tarehe iliyoandikwa juu.

Nikamwambia, "Mwanangu, jana ulinionyesha kitabu chenu, sisi hatumo. Leo nakuonyesha kitabu chetu. Ninyi mmo."

Akachukua simu, akaiweka mezani, akaifungua sauti. Yule binti akapokea. Meneja akamuuliza kama aliwahi kwenda kwenye msiba wa mteja fulani, Dunda.

"Nilienda, bosi. Siku ya hitima. Tulichanga ofisi nzima, na wewe ulitoa."

Shemeji akakohoa. Meneja akajikuna shingo. "Baada ya kurudi, uliandika taarifa?"

"Niliandika siku ile ile, kwenye kitabu cha ziara za wateja. Mteja amefariki. Fomu ya madai ndiyo sikumwachia mjane, nilishindwa. Unampaje mtu fomu, maiti ina siku tatu?"

"Hukukosea," nikasema mimi, kwa sauti, ili asikie.

"Ni nani huyo? Bibi wa kanga? Shikamoo bibi!"

"Marahaba, mwanangu. Hujambo na kwenu?"

"Hatujambo. Kanga yako ninayo bado, bibi, nitairudisha."

"Kaa nayo. Sasa tunataka hicho kitabu cha ziara."

Kikaletwa kutoka kabatini. Mstari ulikuwamo, kwa mkono wake, na tarehe ile ile ya daftari letu. Meneja akaviweka vitabu viwili sambamba, akavitazama kwa muda. Akasema kwamba kwa masharti yao wenyewe, kinachotakiwa ndani ya siku tisini ni taarifa ya kifo kuifikia ofisi. Fomu na sahihi vinaweza kufuata. Taarifa ilifika. Aliyeilalia ni ofisi. Akasema itabidi aandike Dar es Salaam, na huko hawatafurahi, kwa sababu robo wameshaitangaza.

"Na dalali?"

"Nitamsimamisha leo. Mbele yako." Akampigia, tukasikia.

"Na sahihi ya mjane?"

Akaniangalia, na mimi nikamwangalia. Akasema, "Bibi, ni lazima iwe mbele ya ofisa."

"Ofisa ana miguu," nikasema. "Mjane ndiye hana ruhusa ya kutembea. Na aje mwanamke."

Akaja yule msichana wa mapokezi, alasiri ile ile, na fomu kwenye bahasha ya kaki. Nikampa kanga, akavua viatu. Safari hii nilimwambia asome kila mstari mpaka wa mwisho kabla mwanangu hajashika kalamu. Akasoma, akakauka koo, nikamletea maji, akaendelea. Mwanangu akaweka sahihi akiwa amekaa juu ya mkeka wake wa kuswalia.

Makao makuu hawakujibu wiki ile. Nikawa naenda. Kila asubuhi nikishamaliza kumpikia mwanangu uji, nakwenda kukaa kwenye benchi lao, chini ya kile kibaridi, nimejifunga kanga mbili. Siku ya kwanza waliniuliza nataka nini. Siku ya pili wakanipa chai. Siku ya nne wateja wakaanza kuniuliza mimi mambo yao, na mimi nikiwaambia: barua yoyote ikija, usome mpaka chini, na ukifiwa, nenda kaseme, usingoje waje wao. Meneja akiniona hupiga simu Dar es Salaam kabla hajaketi. Sikugombana na mtu. Nilikaa tu.

Siku za dalali zikapita, mlangoni hakufika mtu. Zikapita na nyingine nane. Ndipo meneja akatoka chumbani kwake mwenyewe, ana karatasi mbili. Moja ilisema bima imelipa, deni limekwisha. Ya pili ilikuwa hati ya nyumba. Nikamwambia aisome ile ya kwanza yote. Akaisoma amesimama, kwa sauti, na foleni ikisikiliza.

Nilipofika nyumbani mwanangu alikuwa anachambua mchele. Nikaweka hati mbele yake juu ya mkeka. Akalitazama jina la mumewe lilivyoandikwa, akaligusa kwa kidole chenye vumbi la pumba, halafu akarudi kwenye ungo wake. Hakulia. Akaniuliza, "Mama, zimebaki ngapi?"

Zilikuwa zimebaki siku sita. Akazikaa zote.